Telekonvata ya bei poa kwa picha za vipepeo: 1.4x au 2x?

Mlimau_Ujiji
Wakuu, heshima kwenu. Nina Canon 700D na lenzi ya 70-300mm, ile IS USM ya zamani. Vipepeo wakubwa wanaokuja kwenye milimau hapa nyumbani nawapata bila shida. Wanaonitesa ni vile vidogo vya bluu vinavyonyonya tope pale bombani, vikifunga mabawa havifiki hata sarafu. Lenzi haifokasi chini ya mita moja na nusu, kwa hiyo natoka na picha ya tope yenye nukta. Kuna jamaa ana telekonvata (kile kipande cha kufunga kati ya kamera na lenzi ili kikuze picha) ya Kenko, 1.4x ya mtumba kwa laki na nusu, mwingine ana 2x kwa bei hiyohiyo. Lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, siiwezi kwa sasa. Mimi naegemea 2x.

Kibirizi_Lenzi
2x achana nayo kabisa, mkuu. Inakula stopu mbili, yaani unabaki na robo ya mwanga, na kwenye 300mm f/5.6 yako inakuwa f/11 (namba ya f ikipanda, tundu la mwanga linakuwa dogo). Fokasi ya otomatiki ya 700D imetengenezewa mwisho f/5.6. Itahangaika mbele na nyuma mpaka kipepeo ahamie kwa jirani. Halafu lenzi hiyo ikivutwa hadi 300 picha tayari inatoka laini kidogo, haikati vizuri, nawe unaukuza na huo ulaini.

1.4x ina nafuu, inakula stopu moja tu. Lakini piga hesabu. Lenzi yako peke yake inakuza hadi 0.26 ya ukubwa halisi, na sensa (sehemu ya kamera inayopokea picha) ina upana wa mm 22.3, kwa hiyo fremu inabeba upana wa sm 8.6. Ukifunga 1.4x inabeba sm 6 hivi. Kidudu cha sm 1.5 bado kinakaa robo ya fremu. Laki na nusu kwa hilo? Mimi sitoi.

Tafuta kioo cha kukuza cha kufunga mbele ya lenzi, saizi 58mm, dayopta 2 (hiyo ni nguvu yake ya kukuza), kile chenye vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kama Canon 500D, kioo siyo ile kamera ya jina hilo. Vile vya kioo kimoja vinauzwa seti kwa bei ya chee, ila pembeni vinaweka rangi za zambarau. Kwa 300mm unapata karibu 0.6, fremu inashuka hadi sm 3.7, mwanga haupungui na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Gharama yake ni kwamba lazima usogee hadi nusu mita.

Miombo_Tabora
Nusu mita saa sita mchana? Labda kipepeo awe amekufa. Kuna wale wenye mabawa manene, Charaxes, huku kwetu ukikanyaga jani kavu tu wameshapaa. Mimi 1.4x imenisaidia kwa hao. Naweka ndizi zilizochacha na maji ya dagaa waliooza (usivae shati la kanisani), nasimama mita mbili, fokasi kwa mkono kupitia skrini. Usizungushe pete ya fokasi sana, yumbisha mwili taratibu na ubonyeze kitufe pale macho ya kipepeo yanapoonekana makali.

Kibirizi_Lenzi
Kwa Charaxes nakubali, ila yeye kaulizia vya bombani. Mlimau, nenda asubuhi kabla jua halijakolea, vinakuwa vizito. Piga magoti kwanza mbali, usogee ukiwa chini, na kivuli chako kisiviguse. Weka f/11 na kamera iwe sambamba na bawa. Kwa ukuzaji huo kinachotoka kikali ni milimita mbili hivi, ukiinamisha kidogo unapata jicho unakosa mkia.

Mlimau_Ujiji
Nimeelewa, 2x naachana nayo. Lakini jamaa wa 1.4x kashuka hadi laki moja 😅 na hao wa ndizi nawataka pia.

Miombo_Tabora
Laki moja chukua, ila nenda na lenzi yako muifunge hapohapo. Na hakikisha kweli ni Kenko. Za Canon wenyewe kioo cha mbele kimechomoza, haziingii kwenye 70-300 hiyo. Kisha mulika ndani kwa tochi ya simu, ukiona nyuzi kama za buibui hiyo ni fangasi, mrudishie.