Mgonjwa yuko kwenye ventileta (mashine ya kupumulia), yuko macho, hawezi kusema: tutumie nini?

NesiUyole
Habari za kazi wakuu. Niko Mbeya. Tunapata wagonjwa walio macho kabisa huku mrija uko mdomoni. Wanachezesha midomo, wanagonga kitanda, sisi tunabahatisha: kiu? maumivu? Tusipopatia, anaonekana msumbufu na anaongezewa dawa ya usingizi. Bajeti ya tableti hakuna. Nataka kutengeneza ubao wa picha na herufi stesheneri. Picha ngapi zinatosha, herufi ziwe na ukubwa gani, na unasafishwaje? Wazee wengi wanatoka Rungwe, Kinyakyusa ndicho wanachoelewa vizuri, na baadhi hawasomi.

Tiba_Kihesa
Dada, ubao uje baadaye. Anza na mgonjwa: miwani yake iko wapi? Kama anatumia kifaa cha kusikia, kiko sikioni au kwenye begi la ndugu? Kisha angalia RASS, kipimo cha usingizi na kuhangaika. Akiwa -3 au chini hawezi kukutazama machoni, ubao hautamsaidia. Endelea kumsemesha tu kila unapomgusa. Akiwa anakutazama, pima umakini: soma herufi 10 taratibu, sekunde 3 kati ya moja na nyingine, abane mkono wako kila akisikia A. Makosa yakizidi 2, mpe maswali mafupi tu, kuandika bado.

Halafu mkubaliane ishara ya ndiyo na hapana. Kukonyeza mara moja kunachanganya kwa sababu kila mtu anapepesa. Tumia kufumba macho na kuyabana sekunde 2 kwa ndiyo, kutazama pembeni kwa hapana. Kutikisa kichwa sikupendi sana, kunavuta mrija. Jaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayajua: "Uko hospitali?" "Uko sokoni?" Akipatia yote, andika ishara hizo kwenye karatasi na uibandike juu ya kitanda, la sivyo zamu ya usiku itaanza upya na ishara zake nyingine.

Ubao wenyewe: A4 upande mmoja picha, upande wa pili herufi. Picha 8 hadi 12, zaidi ya hapo mgonjwa aliyechoka anapotea. Maumivu, kunyonywa makohozi, kiu, kugeuzwa, haja, hewa haitoshi, baridi, joto, hofu, ndugu, saa ngapi. Kwa baridi ya huku kwetu Juni hadi Agosti, blanketi lisikosekane. Weka pia mchoro wa mwili mbele na nyuma aonyeshe panapouma. Na acha mraba mmoja wa "si mojawapo ya hizi". Ukikosekana, mgonjwa atachagua chochote ili umwache.

Herufi ziwe na kimo cha sentimita 2, nyeusi kwenye nyeupe. Q na X toa, hatuzihitaji. Panga kila mstari uanze na irabu: A B C D / E F G H / I J K L M N / O P R S T / U V W Y Z. Unapitisha kidole kwenye mistari, anafumba macho ukifika mstari wenye herufi yake, unapitisha herufi za mstari huo, anafumba tena ukiifikia. Ziandike zinavyokuja, usitegemee kichwa.

Mwl_Tukuyu
Naongezea hapo kwenye herufi. Kitenzi chetu ni kirefu, mgonjwa atachoka kabla hajamaliza "ninataka kugeuzwa". Mwambie ataje neno kuu tu: MGUU, MAJI, MAMA. Weka miraba tayari ya NATAKA na SITAKI, maana ukikisia mwanzo wa kitenzi unaweza kupata kinyume cha alichotaka.

Kosa linalofanyika kila siku ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Huumwi?" akafumba macho kwa ndiyo, amesema nini? Kwa wengi ndiyo hapo ni "kweli, siumwi", lakini wewe unaweza kuandika kwamba anaumwa. Uliza "Unaumwa?" basi. Na swali moja kwa wakati mmoja, "unaumwa au unataka kugeuzwa?" halijibiki kwa macho.

Kwa wazee wa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, mwombe ndugu arekodi maswali kama 10 kwenye simu, kila swali faili lake. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaopanguswa. Ndugu akiwepo asijibu kwa niaba ya mgonjwa, hilo lisemwe mapema.

NesiUyole
Asanteni sana. Vipi anayetaka kuandika mwenyewe? Na wenye trakeostomi (mrija wa kupumulia kupitia tundu la shingoni), naona kuna vali ya kuongelea?

Tiba_Kihesa
Kuandika: inua kichwa cha kitanda, egemeza ubao kwa mto uinamie kwake, kiwiko kipate pa kupumzikia. Mikono imevimba na haina nguvu, hivyo maka peni izungushie bandeji iwe nene kama mpini wa jembe la mtoto. Kama mkono ulikuwa umefungwa, ufungue ukiwa umesimama hapo, macho kwenye mrija. Kusafisha: spiriti ya 70% baada ya kila mgonjwa, inafuta na wino wa ubao mweupe. Stesheneri waambie waufunike kwa plastiki (lamination) na waache ukingo wa plastiki milimita 5 kuzunguka karatasi. Wakikata sawasawa na karatasi, maji yanaingia na ubao unaoza.

DaktariWaMapafu
Kuhusu vali, taratibu. Inaruhusu hewa kuingia na kuzuia kutoka kupitia mrija, kwa hiyo hewa lazima itokee juu kwenye koo. Puto la mrija, lile linaloziba nafasi kati ya mrija na koo, likiwa limejazwa, mgonjwa anavuta hewa na hana pa kuitolea, anaweza kufa. Nyonya makohozi, toa hewa yote kwenye puto, ndipo uweke vali. Puto la povu (sponji inayojitanua yenyewe): vali haiwekwi kabisa. Mashine nayo irekebishwe na anayeijua, maana hewa hairudi kwake na alamu zitalia. Oksijeni ikishuka au akianza kuhangaika, ondoa vali kwanza, maswali baadaye.

Mwenye mrija wa mdomoni hahusiki kabisa na hii. Mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti, hata ukitoa hewa kwenye puto hatasema, ila mate yatashuka kwenye mapafu. Huyo abaki na ubao.