Eti "kwenye mfumo inaonyesha nzima"!! Huyu mtu mnamfuga wa nini?

Mzee_wa_6205 (mwanzisha uzi)

Wadau salamu leo sina. Nimetoka kiwandani sasa hivi hata ovaroli sijavua, naandika nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono una grisi simu inateleza, ila nisipoandika leo nitapasuka.

Huyu mtu mnamjua. Usijifanye humjui, kila kiwanda kinaye. Yule plana, mpangaji wa matengenezo, wa kofia ngumu nyeupe isiyo hata na mkwaruzo, beji shingoni, tableti kwapani, tangu aajiriwe hajawahi kukanyaga nje ya mstari wa njano, spana hajaishika ila bei yake kwenye mfumo, ile programu ya kompyuta ya matengenezo na stoo, anaijua mpaka senti.

Sasa leo asubuhi konveya ya chupa imesimama. Sio imepunguza mwendo, IMESIMAMA. Mota ndogo tu ya kilowati 1.5, beringi ya mbele imekufa, na ilishaanza kulia krrr krrr kitambo nikaripoti, nikaambiwa weka kwenye mfumo, nikaweka, ikakaa huko huko "inasubiri idhini" mpaka ikafa ikiwa inasubiri. Naenda stoo. Beringi naiona kwa macho yangu haya mawili, namba 6205, ndani ya boksi lake, shelfu ya pili, nikinyoosha mkono dirishani naigusa. Dada wa stoo anasema haitoki mpaka oda ya kazi iachiwe, yaani iidhinishwe kwenye mfumo. Nani anaachia? Yeye. Yuko wapi? Mkutanoni. Mkutano wa nini? WA KUPUNGUZA MUDA WA MASHINE KUSIMAMA.

Chupa zimejazana nyuma mpaka mashine ya kujaza nayo ikazimwa, kina mama wa ufungashaji wamekaa kwenye makreti wanasukana, nadhani kuna mtu alichumbiwa na kuolewa pale pale tukisubiri, ndo bwana mkubwa anatokea. Anasimama mbele ya konveya. Mota nimeshaifungua, kava la feni liko chini, shafti nimeishika naitikisa inacheza. Anaangalia tableti. Anaangalia konveya. Anaangalia tableti tena. Halafu anasema, "mbona kwenye mfumo inaonyesha nzima?"

NZIMA. Yuko mbele yake. Imezima. Nimeshika shafti!!

Nikamwambia mkuu si unaiona hii hapa. Akanijibu mbele ya shifti nzima, "mfumo unasema nzima, wewe unasema mbovu, mmoja wenu anadanganya, na mfumo haujawahi kuchelewa kazini."

Kina mama wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akadondoka kwenye kreti.

Beringi yenyewe walipoiachia niliibadilisha chai haijapoa. Kuandika kwenye mfumo kwamba nimeibadilisha ndo kumenila mpaka jioni, chagua aina ya hitilafu, chagua chanzo, weka saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ukikosea kinyota kimoja inakurudisha mwanzo na maandishi mekundu. Ila hiyo sijali. Ninachosema ni mtu mzima, ana macho, kasimama mbele ya konveya iliyozima anasema nzima. Eti haujawahi kuchelewa kazini. Mfumo!! Unalala seva rumu, utachelewaje??

Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa, karanga ninazo, endeleeni.

Msema_Kweli_Tu

Pole sana mkuu. Swali dogo tu, huwa unachelewa au huchelewi?

Mzee_wa_6205

Katika yote hayo wewe umeona hilo?

Msema_Kweli_Tu

Sijasikia jibu.

Babu Spana

"Unalala seva rumu utachelewaje" nacheka kama mazuri 😂😂 Huyo jamaa kwetu pia yupo ila wa kwetu kofia yake ya bluu. Alihamia kwenu lini?

Plana_Mnyonge

Mimi ndo nafanya hiyo kazi mnayoitukana (sio kiwanda hicho, tulieni). Mfumo haujui kitu mpaka mtu auambie. Sisi mfumo wetu ni SAP, fundi akifungua notifikesheni ya M2, ile ya hitilafu, kuna kisanduku cha kutiki kwamba mashine imesimama, na sehemu ya kuweka ilisimama saa ngapi. Nyie hamtiki! Mnaandika "beringi mbovu" mnaondoka. Mwisho wa mwezi MTBF, wastani wa muda kati ya hitilafu na hitilafu, inatoka mashine haijawahi kufa toka uhuru, anayeitwa kwa bosi kuielezea hiyo miujiza ni mimi. Na dharura haihitaji mkutano, unafungua oda hapo hapo kwa IW31, skrini ya kufungulia oda, unaiachia, stoo wanatoa kwa 261, kodi ya kutoa mali kwa oda, kwisha. Kama kwenu mpaka mtu mmoja atoke mkutanoni basi hiyo sheria mmejiwekea wenyewe, msisingizie programu.

Mzee_wa_6205

Nani kasingizia programu? Namsema aliyesimama mbele ya konveya. Iliyozima. Nimeshika shafti.

Plana_Mnyonge

Ulitiki au hukutiki?

Msema_Kweli_Tu

Maswali yanazidi majibu hamna.

dada_wa_dirishani

Mnamtaja dada wa stoo utadhani mfumo nimeutengeneza mimi. Fundi anakuja mbio "nipe tu dada yangu, karatasi naleta jioni", jioni ya mwaka gani? Tukija kuhesabu mali mfumo unasema beringi 12, kwenye shelfu ziko 3, ofisini naitwa mimi. Nimezila? Na huo mfumo wenyewe beringi hiyo hiyo moja imeingizwa mara tatu, kuna BRG 6205 ZZ, kuna BEARING 6205-2Z, kuna mtu kaandika BERINGI MOTA KONVEYA basi. Kitu ni kile kile, ZZ na 2Z ni kila mtengenezaji na mwandiko wake. Fundi anachagua ile inayoonyesha stoo ziko sifuri, mfumo unaagiza mpya nje ya nchi, tunaisubiri miezi huku wenzake wanakula vumbi nyuma ya mgongo wangu. Nikisema naambiwa usafi wa data sio idara yako.

Babu Spana

Dada kaongea ukweli mtupu. BERINGI MOTA KONVEYA 😂 aliyeandika hilo apewe nishani.

Mkamba wa Mitambo

Hiyo yenu ni kidogo buda. Huku Athi River tuko na pampu iliuzwa skrapu kitambo, ikabebwa na lori tukiangalia, lakini kila mwezi mfumo bado unatema oda ya kuipaka grisi. Na kila mwezi kuna jamaa anaifunga, "imefanyika". Hiyo grisi huenda wapi mimi siulizi, nina watoto.

Shifti ya Usiku

Kwetu fundi bora wa robo mwaka alikuwa mtu aliyeshaacha kazi. Shifti nzima tunaingilia paswedi yake, imebandikwa na selotepu chini ya kioo cha kompyuta. Kafunga oda nyingi kuliko idara nzima, picha yake iko ukutani mpaka leo, yeye ana duka la chipsi.

Kiti_cha_Mbele

Karanga zimeisha, nakimbilia duka la huyo wa chipsi.

Mzee_wa_6205

Jamani mbona uzi unahama, tulikuwa tunamzungumzia yule mtu. Alisimama MBELE YAKE.

Grisi Kiasi

Mnagombana na mifumo wakati beringi nusu mnaziua wenyewe. Unakuta fundi anapampu grisi mpaka inatokea upande wa pili anasema sasa imeshiba. Grisi ikizidi beringi inachemka. Halafu wengine mnahangaika kuitia grisi 6205 ya ZZ, ile imefungwa pande zote mbili, imetoka kiwandani na grisi yake, unaipaka wapi?

Babu Spana

Mimi miaka yote napaka kwa nje na inatembea. Elimu ya YouTube hiyo.

Grisi Kiasi

Mzee unapaka nje inashika vumbi, vumbi linaingia, mwisho wa siku unakuja kulia hapa beringi feki.

Babu Spana

Feki zipo, usinibishie. Niliwahi kuuziwa moja ilikuwa na mlio ikiwa bado ndani ya boksi.

Beringi Bei Chee

Wadau wenye uhitaji niko Gerezani Kariakoo, 6200 mpaka 6320, jumla na rejareja, hatudai oda ya kazi wala idhini ya mtu. Orijino kabisa.

Babu Spana

Orijino au zile ukipitisha kidole wino unabaki kwenye kidole?

Beringi Bei Chee

Mzee wangu njoo dukani na kidole chako.