Naomba ushauri: Wayahudi wa kwanza kumfuata Yesu waliamini nini?

Wapendwa, shalom. Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia na tumekwama kwenye kanisa la Yerusalemu.

Katika Matendo 21:20 Paulo anaambiwa kuna maelfu ya Wayahudi walioamini, na wote wanaishika torati kwa bidii. Lakini Wagalatia 2 inasema Petro alikula na watu wa Mataifa kule Antiokia, wakaja watu kutoka kwa Yakobo (ndugu yake Bwana, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu), akajitenga, Paulo akamkemea mbele ya wote. Basi wenzangu wengine wanadai zilikuwa imani mbili tangu mwanzo. Mimi nasita, maana katika 1 Wakorintho 15 Paulo anawataja Kefa (yaani Petro) na Yakobo kuwa mashahidi wa ufufuo, na kwamba wote wanahubiri jambo lilelile. Nimemsoma pia Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza: anaeleza Yakobo alivyopigwa mawe mwaka 62, ila mafundisho yake hayagusi.

Naomba mnisaidie: ugomvi wa Antiokia ulihusu meza na torati tu, au pia Yesu ni nani? Na Waebioni (kundi la Wayahudi walioamini Yesu na kushika torati, lakini wakamwona kuwa mwanadamu tu) waliotajwa na Irenaeus, askofu wa karne ya pili, wana uhusiano wowote na kanisa la Yakobo, au walizuka baadaye?

Mwenye kitabu cha Kiswahili kuhusu hili anitajie tafadhali.