Msaada: nitajuaje kwa picha za setilaiti kama mikoko ilikatwa kabla ya mafuriko ya Aprili 2024?

Tarishi
Wakuu, naombeni ushauri. Kuna eneo la mikoko la kama hekta 6, kaskazini mwa delta ya Rufiji, ambalo sasa ni shamba la mpunga. Aliyelima anasema mikoko iliuawa na mafuriko ya Aprili 2024. Wanakijiji wanasema ilikatwa mwishoni mwa 2023. Kwenye Google Earth Pro tarehe za picha zimeachana mno. Nimepakua picha mbili za Sentinel-2 (setilaiti za Ulaya za kupiga picha ardhi), ya Septemba 2021 na ya Septemba 2023, nikakokotoa NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwenye QGIS, programu ya ramani. Imeshuka kutoka 0.76 hadi 0.48. Je, ndiyo kusema ukataji ulikuwa umeshaanza?

PikseliKumi
Hapana mkuu, usichapishe hiyo. Tangu 25 Januari 2022 mafaili ya Sentinel-2 yameongezewa 1000 kwenye kila thamani. Chukua mkoko mzima, bendi ya 4 (mwanga mwekundu) ikiwa 400 na bendi ya 8 (infraredi, mwanga usioonekana kwa macho) ikiwa 3000: NDVI ni tofauti yake kugawanya kwa jumla yake, 2600 kwa 3400, yaani 0.76. Ongeza 1000 kila upande, inakuwa 2600 kwa 5400, yaani 0.48. Hizo ndizo namba zako, na hakuna hata tawi lililokatwa! Toa 1000 kwenye bendi zote mbili za picha ya 2023 kisha rudia. Ukifanya kazi ndani ya Copernicus Browser, tovuti ya Ulaya ya picha hizi, marekebisho hayo yanafanyika yenyewe.

Maji_Mafu
Akishasahihisha hilo, aangalie na maji. Sentinel-2 hupita pwani yetu kama saa nne na nusu asubuhi. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), saa hizo maji yamekupwa na tope liko wazi. Siku za maji mafu (tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo), saa hizo yamejaa mpaka chini ya miti, na maji hunyonya infraredi, hivyo NDVI inashuka penye miti michache. Linganisha bamvua kwa bamvua: siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Setilaiti inarudi kila siku 5 na bamvua hurudi takriban kila siku 15, kwa hiyo kila picha ya tatu inakuja na maji yanayokaribiana.

Tarishi
Shukrani sana wakuu. Nimetoa 1000, Septemba 2023 imerudi 0.75. Sasa Oktoba hadi Desemba ni mawingu matupu.

PikseliKumi
Hiyo ni vuli, tumia rada. Sentinel-1, setilaiti ya rada, inaona kupitia mawingu. Chagua VH (aina ya mwangwi wa rada unaoitikia majani na matawi), mwelekeo uleule wa mapito, uweke picha zote kwa mfululizo. Wakati huo ilikuwa imebaki setilaiti moja, kwa hiyo tegemea picha kila siku 12. Usitegemee picha moja, maana mvua na maji kujaa vinabadilisha mwangwi. Unachotafuta ni VH iliyoshuka na isipande tena.

Cha msingi ni umbo la badiliko. Mikoko iliyokufa kwa maji na mchanga hupukutika kwa wiki hadi miezi, kingo zake zinafuata vijito na mabonde. Iliyokatwa inatoweka kati ya picha mbili, na kingo zimenyooka. Hekta 6 ni pikseli 600 za mita 10 kwa 10, zinatosha kuliona hilo. Kama walichoma matawi, weka bendi 12, 8A na 4 kama nyekundu, kijani na buluu: palipoungua panaonekana rangi ya kahawia-nyekundu iliyokolea. Nukta za moto za FIRMS (tovuti ya NASA ya kuonyesha moto) zisikudanganye, pikseli ya VIIRS, kihisi kimojawapo kinachotoa nukta hizo, ni mita 375, nukta inaweza kuangukia shamba la jirani.

Maji_Mafu
Na andika tu kile picha inachosema: miti ilikuwepo tarehe fulani, tarehe fulani haipo. Nani alikata, haisemi. Hifadhi jina kamili la kila faili, lina tarehe na saa ya UTC (ongeza 3 upate saa yetu). Majira-nukta ya nyumba za mashahidi yasitoke hadharani.

Kisha mtu akaangalie visiki siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Cha shoka kina uso bapa na makovu ya pigo. Mti uliokufa umesimama huvunjika kwa nyuzi zilizochanika. Apige kila kisiki picha na rula pembeni.