Historia ya marehemu Babu: mwalimu aliyezungushwa nchi nzima kwa barua za uhamisho. Nisaidieni kutenganisha kweli na chumvi

Mjukuu wa Bukindo aliandika:

Wakuu, salaam kwenu. Wazee wangu humu, shikamooni.

Babu yetu mzaa baba alitutoka mwaka huu akiwa na miaka 88. Siku ya mazishi baba mdogo alisoma historia ya marehemu: kazaliwa Bukindo, Ukerewe, kasomea ualimu Butimba, kafundisha shule mbalimbali, kastaafu, kaacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Dakika tatu, karatasi ikakunjwa. Wazee waliokaa nyuma chini ya mwembe waliguna hadi nikasikia aibu. Hilo "shule mbalimbali" ndilo lililokuwa maisha yake yote!

Sasa tunajengea kaburi, kutakuwa na misa, na safari hii nimekabidhiwa mimi niandike upya. Shida ni kwamba baba zangu wanasema Babu alikuwa na chumvi nyingi, nisije nikasoma hadithi za vijiweni mbele ya padri. Nimefungua sanduku lake la bati. Kuna barua za uhamisho zimefungwa kwa kamba ya katani, madaftari, na redio ya mbao isiyo na betri. Haya ndiyo mambo tunayobishania:

Kwanza, meli. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kirando, Ziwa Tanganyika. Kijana wa kisiwani, hajawahi kuvuka Mwanza, anapewa waranti ya safari na kuambiwa nenda. Meli hadi Mwanza, treni hadi Tabora, abadili treni hadi Kigoma, kisha apande meli ya Liemba. Alisema walifika Kirando usiku wa manane, gati hakuna, mitumbwi ikaja kuizunguka meli watu wakipiga kelele, sanduku likateremshwa kwa kamba na yeye akaambiwa "Mwalimu, ruka!" Hapo hakuna anayebisha. Wanabisha aliposema hiyo meli iliwahi kukaa chini ya maji miaka mingi, kisha ikatolewa na kuendelea na kazi. Baba mkubwa anauliza, meli nayo inafufuka?

Pili, alidai kuna mwaka alichimbisha vyoo kijiji kizima kwa kutumia redio. Sijui maana yake.

Tatu, kuna daftari la mwaka 1975. Majina ya watu wazima, wengine nawafahamu, ni wazee wa kwetu. Mbele ya kila jina kuna I, II, III au IV. Jina la bibi yangu lina III, na hataki kabisa kuzungumzia. Shangazi anahisi ni madeni.

Nne, kiboko. Huko Kirando kulikuwa na kiboko aliyekuwa anakula shamba la shule, na Babu aliapa kwamba ukigonga kengele ya mapumziko anarudi ziwani mwenyewe.

Baadaye akahamishiwa Njombe. Hiyo najua ni kweli kwa sababu ya koti. Alilinunua Makambako siku aliyoshuka kwenye treni ya TAZARA, na akalivaa hadi uzeeni, Nansio, jua la saa saba, watu wote wanajipepea. Bibi alikataa kumfuata. Alisema yeye ni mtu wa ziwani, milimani atakula nini. Basi ikawa anamtumia dagaa kwa posta, mpaka posta wakamwandikia Babu barua kuhusu harufu. Barua hiyo nayo imo sandukuni, ina mhuri na kila kitu.

Naombeni mwenye kujua.

---

Mtoto wa Kirando alijibu:

Pole sana mkuu kwa msiba.

Mwambie baba mkubwa meli imefufuka kweli, na Babu hakutia hata chembe. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Wakaifungua vipandevipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya huko na kushushwa majini 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawageukia. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini mafundi wao walishapaka mitambo grisi nzito, wakijua watarudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa hiyo Babu yako alipanda meli iliyolala ziwani miaka minane, mitambo yake ikiwa mizima.

Na hilo la kuruka usiku usilifupishe hata kidogo. Mimi nimezaliwa huko. Enzi hizo meli ikipiga honi, kijiji kizima kinaamka, hata asiye na mgeni anashuka pwani. Mitumbwi inagombania ubavu wa meli, huyu anapandisha migebuka, yule anateremsha magunia ya sukari, mama mja mzito anashushwa, mbuzi analia, na taa za meli zinakupiga machoni huoni unakanyaga wapi. Mwalimu mgeni mwenye viatu vya ngozi alikuwa anajulikana palepale. Waliokuwa wanaogopa walibebwa mgongoni. Kama Babu aliruka mwenyewe, basi heshima yake ilianzia hapo, kabla hajashika chaki.

Kiboko sisemi kitu. Wapo, na wanakula mashamba. Ila huwa wanatoka usiku.

---

Mwalimu wa UPE alijibu:

Marahaba mjukuu wangu. Pole. Nimesoma nikacheka peke yangu, mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Redio ni Mtu ni Afya. Mwaka 1973. Ilikuwa kampeni ya wiki kumi na mbili, Redio Tanzania ikirusha kipindi, na nchi nzima watu wanakaa vikundi vikundi kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, na mara nyingi kiongozi alikuwa mwalimu kwa sababu ndiye anayesoma kitabu na ndiye mwenye redio. Mnasikiliza juu ya malaria, minyoo, kuhara, kichocho, kisha redio inazimwa na mnaulizana: haya, sisi hapa kwetu tunafanya nini? Jibu lilikuwa jembe na sululu. Walishiriki watu karibu milioni mbili. Kwa watu wa Ukerewe kichocho hakikuwa somo la kitabuni, watoto wenu walikuwa wanakojoa damu. Usiandike "alichimbisha vyoo kwa redio" watu wakacheka. Waeleze redio ilikuwa ipi, ile ya mbao unayoiona sandukuni, na nani walikuwa wameizunguka.

Sasa daftari. Sio madeni, mwambie shangazi atulie. Hizo ni hatua za kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga kabisa ifikapo mwisho wa 1971: Dar es Salaam, Mafia, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Ukerewe. Ukerewe, mjukuu wangu! Walimu wa huko walifundisha watoto asubuhi, na jioni wanafundisha baba na mama za watoto haohao. Halafu 1975 ukaja mtihani wa taifa. Hatua ya I ni mtu aliyeandikishwa na kuhudhuria tu. Ya II anatambua maneno mafupi. Ya III anasoma na kuandika sentensi nyepesi. Ya IV ndiye amefika juu kabisa: anasoma gazeti, anaandika barua, anapiga hesabu zake bila kuibiwa mnadani.

Bibi yako akinyamaza muache. Mwalimu aliyempa mkewe mwenyewe III wakati jirani ana IV, hiyo ndoa ilikuwa na mengi ya kuvumilia.

Kuhusu Njombe, nadhani kisa chake ni mimi na wenzangu. Novemba 1977 ndiyo ilikuwa tarehe ya kila mtoto kuanza shule chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na walimu hawakuwepo. Tukachukuliwa vijana tuliomaliza la saba, tukapewa darasa, tukawa tunafundisha huku tunafundishwa. Wenye uzoefu walihamishwa huku na huko wawe wakufunzi wetu. Watu walituita walimu wa UPE kwa kejeli na mimi nimeliweka jina hilo humu kwa makusudi. Mzee mmoja ndiye aliyenionyesha jinsi ya kugawa ubao sehemu mbili na kumgeukia mtoto kabla hujamaliza kuandika. Alitoka kanda ya ziwa, lakini hakuwa na koti, kwa hiyo siye Babu yako.

---

Chumvi Kidogo alijibu:

Wakuu mmejibu vizuri, ila mimi nina neno. Mnaandika kana kwamba mzee alikuwa mtalii. Nani alimuuliza kama anataka kwenda Kirando? Barua inakuja, "unahamishwa mara moja kwa manufaa ya umma", unafunga sanduku, mke unamwacha na mimba. Baba yangu alikuwa mwalimu pia. Fedha zake za uhamisho alizidai mpaka anastaafu, na tulipozika bado faili lilikuwa mezani kwa mtu fulani. Hilo nalo liwekwe kwenye historia ya marehemu, au ni kwa ajili ya raha tu?

Kiboko msimguse. Kila ukoo uhifadhi angalau uongo mmoja wa babu yao.

---

Mjukuu wa Bukindo alijibu:

Mzee Mwalimu wa UPE, asante sana, nimekushukuru mpaka basi. Nilimsomea bibi ujumbe wako hadi kwenye hatua za kisomo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Yule wa IV alikuwa binamu yake. Andika hivyo." Kisha akachukua kalamu yangu na kuandika jina lake lote, herufi za kuunganisha, nzuri kuliko zangu, akanirudishia karatasi.

Mtoto wa Kirando, baba mkubwa amekubali kuhusu meli, ila sasa anadai yeye alijua siku zote.

Chumvi Kidogo, nimeirudia ile kamba ya barua kwa sababu yako. Umesema kweli, kuna "mara moja" kila mahali. Lakini kuna moja ambayo mwandiko ni wake mwenyewe, nakala ya barua aliyompelekea afisa elimu baada ya kurudishwa nyumbani Ukerewe. Anaomba apangiwe tena kituo "popote penye upungufu". Wakati huo baba yangu alikuwa ananyonya. Sijui niifanyeje hiyo. Nimemuuliza bibi, akasema barua hiyo aliipeleka posta yeye.

Padri ametupa dakika kumi kwa kuwa ana misa nyingine kigangoni. Nitasoma Liemba, redio, daftari na hiyo barua. Kiboko atasomwa na baba mdogo, ameomba mwenyewe. Na madai ya uhamisho nimemwachia shangazi, anayajua mpaka senti, na afisa mmoja kutoka wilayani amethibitisha kuhudhuria.