Naomba ushauri: nataka kuhamia Busisi na familia, upande wa pili wa daraja

Mtafuta Upepo
Habari zenu wakuu. Mimi ni mkazi wa Mbagala, miaka 38, fundi wa majokofu na viyoyozi. Nina mke na watoto wawili. Dar imenichosha: foleni, kodi, maji ya madumu. Tangu Daraja la Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi juu ya Ziwa Victoria, lifunguliwe nafuatilia sana habari za Busisi, kule Sengerema, naona panakuja juu kwa kasi. Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kuangalia mazingira. Nimesimama kwenye pantoni, upepo wa ziwa unanipiga, nikasema hapa ndipo pa kuzeekea. Nataka nijenge nyumba ndogo na chumba cha kutengeneza barafu niwauzie wavuvi. Naomba kujua maisha ya huko yakoje, shule, hospitali, na kama barafu inalipa. Matusi hapana.

Dereva wa Kanda
Karibu sana mkuu. Shule zipo, hospitali kubwa ni ile teule ya Sengerema mjini. Lami iko safi kuanzia Usagara mpaka Geita. Ninyi mnaokuja leo hamjui tulikotoka. Mimi nimelala sana pale Kigongo na lori la mbao nikisubiri zamu. Mwanzoni mwa 2025 lile gugu jipya likafunika ghuba, kivuko kikawa kinasukuma majani badala ya maji, abiria wanakwama katikati, mnaangaliana tu. Juni mwaka huohuo daraja likafunguliwa, kilomita 3, ukipepesa macho umevuka. Niliteremsha kioo siku ya kwanza nikapiga honi mwanzo mpaka mwisho.

Mama Sato
Huyo dereva anafurahia honi, mimi daraja limenila. Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga pale Busisi kivukoni. Gari zikipanga foleni, kila dirisha ni mteja. Unapita na beseni, mtu anachagua mkia au kichwa, chumvi na pilipili ziko kwenye kikaratasi pembeni. Siku hizi basi linapita na vumbi lake. Sasa wewe mwanangu unaposema panakuja juu, uliza kwanza nani anasimama pale.

Dereva wa Kanda
Mama pole. Lakini viwanja vimepanda bei, hilo usikatae.

Mama Sato
Vimepanda. Mimi sili kiwanja.

Binti Mwaloni
Kuhusu barafu, nimezaliwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nikueleze. Barafu ni ya sangara. Dagaa hagandishwi, anaanikwa. Na sangara wa kiwandani mara nyingi mnunuzi anakuja na barafu yake, ndiyo anayomfungia nayo mvuvi asiuze kwa mwingine. Ukija na chumba chako cha barafu utakuwa unashindana na matajiri wa mwalo, si jua. Halafu wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa gizani. Ikifika mbalamwezi wanatulia, mwalo unalala, hata muuza vocha analalamika. Weka hilo kwenye hesabu zako.
Na watoto wasiogelee ovyo, kichocho kipo. Shuleni wanapewa dawa, ila wakirudi majini wanaambukizwa tena.

Mtafuta Upepo
Asante dada, nimejifunza. Hilo la matajiri nitalipanga, mimi ni fundi, mashine nitaunda mwenyewe kwa bei ndogo.

Kapteni Mstaafu
Kijana, umeeleza kila kitu isipokuwa kimoja. Hicho kiwanja kiko umbali gani kutoka majini?

Mtafuta Upepo
Si mbali mkuu. Ni sehemu nzuri tu, imetulia.

Kapteni Mstaafu
Si mbali ni hatua ngapi?

Mtafuta Upepo
Hatua kama thelathini hivi. Lakini kabla hamjanishukia, majirani wamejenga. Kuna baa ya tofali za kuchoma kabisa, iko chini zaidi ya pale kwangu. Dalali amesema ile sheria ni ya mahoteli makubwa.

Kamba na Mambo
Mimi ni mpima ardhi. Dalali amekudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Haijasema hoteli wala kibanda. Hiyo baa kuwepo si kibali, ni kwamba zamu yake ya kubomolewa haijafika.
La pili, ziwa halikai pale ulipolikuta. 2020 maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba za watu mialoni, 2024 yakapanda tena. Hatua thelathini za kiangazi usizihesabu kama mali.
La tatu, karatasi zako zikoje? Kama ni ardhi ya kijiji, mauziano yanapita halmashauri ya kijiji, na kuna muhtasari wa kikao.

Mtafuta Upepo
"Karatasi zako" kivipi, nimesema nataka kuhamia, sijasema nimenunua.

Kamba na Mambo
Umesema "pale kwangu".

Mtafuta Upepo
Sawa wakuu. Nimeshatoa milioni 3 na nusu kati ya 6. Karatasi imesainiwa na mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Kulikuwa na mtu wa Geita anakitaka kiwanja hichohicho jioni ileile, ningefanyaje? Na mke sijamwambia, nataka nikishapiga msingi ndiyo nimlete aone mwenyewe. Naombeni mnisaidie nikishafika nitaishije. Mambo ya nimekosea wapi tuyaache.

Mke wa Mtu
Kumbe!! Milioni tatu na nusu, mke hajui, halafu umekuja kuuliza habari za shule. Watoto watasoma shule gani wakati mama yao amerudi kwao? Wanaume mnajifanya kupenda upepo. Mume wangu naye alipenda "hewa ya Kibaha", tukakuta hewa ina mtoto wa darasa la pili.

Jongoo wa Pwani
Hahaha hewa ina mtoto. Dada umeniua.

Mtu wa Geita anayekitaka jioni ileile
Nimeitwa?

Mzee Tulizo
Vijana, tusicheke. Ndoa ni kushirikishana. Mimi na mama watoto tuna miaka mingi na hata mbuzi hatununui bila kikao. Kaka, mwambie leo kabla ya kulala.

Pima Kwanza
Jamani mnahangaika na chai. Rudini post ya kwanza. Jamaa alikwenda Busisi mwezi uliopita, amesimama kwenye pantoni, upepo unampiga. Pantoni gani? Daraja limefunguliwa Juni 2025. Anayekwenda Busisi leo anavuka akiwa amekaa kwenye basi. Huyu hajawahi kufika Mwanza, ametunga akiwa Mbagala Rangi Tatu. Mods funga uzi.

Jongoo wa Pwani
Daah, kweli. Chai ya tangawizi hii.

Mtafuta Upepo
Sijatunga. Nina tiketi ya basi la Mwanza hapa. Pantoni nilipanda, ile ya pale Mwanza mjini. Kamanga.

Binti Mwaloni
Kamanga ipo, inafanya kazi. Lakini kaka, mtu wa Busisi hapiti Kamanga. Kamanga inakutupa mbali huko juu, ukitaka Busisi uzunguke Sengerema mjini ndiyo urudi ziwani. Mkishuka Kamanga mlikwenda na nini?

Mtafuta Upepo
Bodaboda. Tulifuata ufuo kama nusu saa, njia ya mchanga, Sengerema mjini hatukupita. Dalali akasema ni njia ya mkato.

Kapteni Mstaafu
Daraja uliliona?

Mtafuta Upepo
Kulikuwa na kilima. Alisema liko nyuma ya kilima.

Dereva wa Kanda
Mkuu, daraja la kilomita 3, nguzo zile ndefu, ukiwa ufukweni Busisi unaliona hata ukifumba jicho moja. Hakuna kilima cha kulificha. Umeuziwa jina la daraja.

Kamba na Mambo
Karatasi ina muhuri? Kijiji gani?

Mtafuta Upepo
Kwa kalamu wameandika Busisi. Muhuri ngoja niutoe nje kwenye mwanga... Wino umetapakaa. Naona "Nya", halafu kama m, baada ya hapo duara limekatika.

Binti Mwaloni
Nyamatongo, Nyampulukano, Nyamazugo. Chagua.

Pima Kwanza
Basi naondoa kauli. Si chai, ni msiba.

Kapteni Mstaafu
Kijana, usitoe senti nyingine. Panda basi, nenda ofisi ya kata Busisi na hiyo karatasi, usimpigie dalali kabla. Waulize wanamjua huyo mwenyekiti? Kisha nenda Kamanga na mtu wa serikali ya kijiji cha hapo.

Mtafuta Upepo
Nimeshampigia. Anasema Busisi ni pana, na nikimalizia ile iliyobaki wiki hii ananipunguzia laki tatu.

Mke wa Mtu
Namba ya mkeo tafadhali.

Nyumba Kumi
Poleni kwa yote. Kwa wanaotaka kitu cha uhakika, nina kiwanja Buswelu, 20 kwa 30, kimepimwa, hati ipo, umeme umefika mpaka nguzo ya jirani. PM.

Mtafuta Upepo
Mkuu Nyumba Kumi, bei gani? Na unapokea kwa mafungu?