Naomba ushauri: ATV na ziplaini siku moja tukiwa likizo, familia ya watu sita, tupangeje?

Mleta uzi

Habarini wanajamvi.

Tunaenda likizo kama familia na tutakapofikia kuna watu wanaouza siku nzima ya michezo: unaendesha ATV (ile kama pikipiki ya magurudumu manne) porini, halafu unateleza kwenye ziplaini, yaani unaning'inia kwenye kamba ya chuma iliyovutwa juu ya bonde. Ukichukua vyote viwili kwa pamoja unapunguziwa. Nyumbani kila mtu ameshachangamka, ila mimi ndiye ninayepanga na kadiri ninavyopanga ndivyo maswali yanavyoongezeka.

Tupo sita. Mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 15, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, mama mkwe aliyevuka 60 na anatumia dawa za presha, na shemeji yangu ambaye ni mtu wa miraba minne, kilo zake zinakaribia 120. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ATV wala ziplaini.

Nauliza: kipi kitangulie? Watoto wapande nini? Na mama, je, kuna namna ya kumshirikisha bila kumhatarisha? Sitaki akae kwenye gari siku nzima akitusubiri.

Natanguliza shukrani.

Mzee wa Vumbi

Karibu mkuu. Mimi nitasemea ATV, ziplaini nawaachia wenyewe.

Watu wakiona magurudumu manne wanadhani kile chombo hakianguki. Kinaanguka, na kikianguka kinakulalia. Mashine ya mtu mzima ina kilo 200 hadi zaidi ya 300, na imekaa juu. Kupinduka ndiko kunakoua watu wengi kwenye hivi vyombo. Australia walifika mahali pa kulazimisha, kuanzia 2021, ATV mpya za matumizi ya kawaida ziwe na chuma cha kumkinga dereva mashine ikibiringika.

Halafu kuna jambo ambalo wakodishaji wengi hawalielezi. ATV nyingi za kawaida hazina difu nyuma, ile inayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka kwa mwendo mmoja hata kwenye kona, kwa hiyo mashine inataka kunyoosha tu. Ndiyo maana mnafundishwa kusogeza mwili na kuegemea upande wa ndani wa kona. Ukikaa wima kama umekaa kwenye kiti cha ofisini, unaenda kichakani. Tairi nazo zina upepo kidogo sana, kama psi 5, wakati za gari zinafika 30 na zaidi. Kwenye mchanga na mawe zinafanya kazi vizuri, kwenye lami mashine inakuwa haitabiriki. Wakikwambia sehemu ya njia ni barabara ya lami yenye magari, waombe njia nyingine.

Mafuta unabonyeza kwa kidole gumba cha kulia. Mgeni akishtuka anakaza mkono, akikaza mkono gumba linabonyeza zaidi, mashine inaruka mbele wakati yeye anataka kusimama. Kwa hiyo mazoezi ya uwanjani si mapambo. Kila dereva wenu aondoke, asimame, apige kona kulia na kushoto, apande na kushuka mteremko mdogo huku mwongozaji akimwangalia. Mahali wanapokupa helmeti na kusema "haya twende", usipeleke familia.

Watoto: huyo wa miaka 9 asishike mashine ya mtu mzima hata kwa picha ikiwa inaunguruma. Binti naye, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiendeshe ATV kabisa, na kibandiko cha onyo kwenye mashine za watu wazima kinataja miaka hiyo hiyo 16.

Dada Kamba

Nimefanya kazi ya kupokea wageni kwenye majukwaa ya ziplaini, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo.

Jambo la kwanza ni mizani, kwa sababu kila laini, yaani kila kamba ya kuteleza, ina uzito wa chini na wa juu. Kwa kawaida wa chini unakaa kwenye kilo 30 hivi, wa juu 110 au 120, lakini kila sehemu ina wa kwake. Shemeji apimwe kwa kilo za kweli akiwa amevaa nguo na viatu, halafu mpige simu muulize kabla hamjalipa. Nimeshuhudia mtu mzima akirudishwa mbele ya familia nzima baada ya kusafiri kutoka mbali, inauma sana, na angeweza kujua wiki nzima kabla.

Uzito una sababu yake. Mtu mzito anafika kwa kasi, anahitaji breki yenye nguvu. Mtu mwepesi hewa inamshika, na upepo ukimpiga usoni anaweza kusimama kabla ya jukwaa. Akisimama, si hatari, ila inabidi ageuke mgongo uelekee jukwaa ajivute kwa mikono, au mwongozaji aende kumchukua. Kijana wa miaka 9 mara nyingi anarushwa pamoja na mwongozaji, na mikanda yake iwe ya mwili mzima, yenye mabega, kwa sababu nyonga za mtoto bado nyembamba na akigeuka kichwa chini anaweza kuchomoka kwenye mikanda ya kiunoni.

Sasa swali lako la kipi kitangulie. Ulizia breki. Ziko laini ambazo breki ni ya mwisho wa kamba, inakupokea yenyewe. Ziko nyingine ambazo wewe mwenyewe ndiye breki: unavaa glavu nene ya ngozi na kukandamiza kamba nyuma ya kapi, kile kigurudumu kinachoteleza juu ya kamba. Nyuma, kamwe si mbele, kwa sababu ukiweka mkono mbele kapi linaupanda. Kama ni hizi za mkono, basi ziplaini itangulie. Mtu akitoka kwenye ATV, gumba na kiganja vimechoka na mikono inatetemeka kwa mtikisiko. Huyo ndiye unayemwambia abane kamba kwa wakati? Hapana.

Mpenda Matope

Dada Kamba nakuheshimu lakini mimi ningeanza na ATV.

Sababu ni woga. Hawa ni watu ambao hawajawahi lolote. Ukimsimamisha mtu juu ya jukwaa asubuhi kabla mwili haujachangamka, nusu yao watagoma, na akigoma mmoja wengine wanafuata. ATV inamfanya mtu ajiamini kidogo kidogo, yuko ardhini, anaweza kusimama anapotaka. Akifika kwenye ziplaini ameshazoea helmeti, kelele na maelekezo. Pia sehemu nyingi njia ya ATV ndiyo inayowapeleka kwenye jukwaa la kwanza, kwa hiyo hata hamna uchaguzi.

Dada Kamba

Mpenda Matope, hoja ya woga ina ukweli, na kama breki ni ya mwisho wa kamba sina ugomvi sana na mpangilio wako. Lakini kuna mambo mawili usiyasahau.

Hali ya hewa kwanza. Kwenye nchi za joto zenye milima, mvua za radi hupenda kuja mchana na jioni, na upepo nao huongezeka jua likipanda. Radi ikisikika ziplaini inafungwa, hakuna mjadala, na nyinyi mmeshalipa. ATV inavumilia mvua ya kawaida, kamba ya chuma iliyoloa inabadilisha kasi na breki.

La pili ni uchafu. Kiatu chenye tope kwenye ngazi na jukwaa la mbao kinateleza, na hapo ndipo watu wanapoumia bila hata kufika kwenye kamba. Mchanga nao unaingia kwenye mikanda na kulabu. Ukianza na ziplaini ukiwa msafi, baadaye ATV ikuchafue inavyotaka.

Kwa woga, dawa ni laini fupi ya mazoezi iliyo karibu na ardhi. Waulize kama wanayo.

Muuguzi wa Zamu

Niongelee mama.

Presha iliyodhibitiwa kwa dawa peke yake haimfungii mtu nyumbani, lakini aongee na daktari wake na amweleze hasa anachotaka kufanya, asiseme "tunaenda kutembea". Amtajie dawa zote. Kama kuna dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, jeraha dogo la kawaida kwake linakuwa jambo jingine. Muulizeni pia kuhusu mgongo, nyonga, na kama mifupa yake imewahi kupimwa. ATV kwenye mawe inatikisa uti wa mgongo kwa muda mrefu, na kwa mifupa dhaifu mimi naogopa mtikisiko huo kuliko ile sekunde chache ya kamba. Ziplaini nayo ina ngazi nyingi za kupanda, magoti yake yaweze.

Na mke wako, samahani kwa kuuliza hadharani, kama kuna uwezekano wa ujauzito basi vyote viwili vingoje.

Mleta uzi

Nawashukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Ujauzito hakuna.

Nimepiga simu. Breki yao ni ya mkono kwenye laini mbili za kwanza, za mwisho zinajipokea zenyewe. Uzito wa juu ni 115, na shemeji jana amepanda mizani ya duka la dawa akiwa na viatu, 117. Kuhusu watoto wamesema "hakuna shida, mmoja atakaa nyuma yako na mwingine nyuma ya mama yake". Hili limenitia wasiwasi baada ya kusoma hapa. Mnasemaje?

Mzee wa Vumbi

Kataa.

ATV nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja, na imeandikwa kwenye mashine yenyewe kwamba usibebe abiria. Kile kiti kirefu si cha watu wawili, ni kirefu ili dereva apate nafasi ya kusogea mbele akipanda mlima na nyuma akishuka. Ukimweka mtoto nyuma umejifunga hapo katikati, huwezi kusogea, na uzito wote umekwenda nyuma. Mkipanda mwinuko, mbele kunanyanyuka na mnarudi kinyumenyume, mtoto akiwa chini yako. Ziko chache zilizotengenezwa kwa wawili, zina kiti cha pili chenye mgongo na mashikio; wakuonyeshe kwanza. Hata hizo kwa dereva mgeni mimi singeweka mtoto.

Ulizia zile za kukaa ubavu kwa ubavu, zenye usukani, mikanda na fremu ya chuma juu. Dereva awe mwongozaji wao. Mtoto akae mgongo umegusa kiti, na miguu iguse sakafu. Kama haigusi, bado mdogo kwa chombo hicho. Mikono ibaki ndani hata mashine ikilala, maana watu huwa wanautoa mkono ili kuzuia na fremu inaukata. Binti na kijana wapande humo.

Mama Mapacha

Mimi naongeza vitu ambavyo havina raha kuviwaza.

Bima ya safari: soma ukurasa wa yasiyolipiwa. Nyingi zinaitoa ATV kabisa au zinataka uongezee, na hata ukiongezea, ukiwa huna helmeti au umekunywa pombe hawalipi. Zingine zinataka uwe na leseni. Ziplaini mara nyingi wanaihesabu tofauti, kwa hiyo ulizia yote mawili kwa majina yake. Ile fomu ya kukubali hatari mtakayosaini, ombeni watume mapema. Mkiisoma mkiwa mmeshavaa helmeti hakuna atakayeielewa.

Piga picha kila mashine pande zote kabla hamjaondoka, tairi, mabodi, taa. Safari moja tulidaiwa mkwaruzo ambao tuliukuta, na picha ndiyo iliyotutetea.

Muda pia. "Masaa manne" ya tangazo yana usafiri, kuvaa, kufundishwa na foleni ndani yake. Kwenye ziplaini kila mtu anamngoja wa mbele yake. Waulize ni dakika ngapi mtakuwa kwenye mashine na laini ni ngapi, ndipo mlinganishe na kulipia kimoja kimoja.

Nguo: suruali ndefu, viatu vya kufunga, miwani ya vumbi. Pete zote zibaki hotelini. Nywele ndefu na mitandio vifungwe viingie ndani ya helmeti, kapi halichagui. Helmeti za michezo hii miwili si moja. Ya ATV ni ya pikipiki, ya ziplaini ni nyepesi ya kupandia milima. Msikubali kupewa moja kwa siku nzima.

Mleta uzi

Wakuu, tumekaa kikao jana na mama akiwepo.

Tumeachana na hao wa "kaa nyuma yako". Tumepata wengine wanaotenganisha: ziplaini saa mbili asubuhi, chakula, kisha magari ya ubavu kwa ubavu mchana na mwongozaji ndiye anayeendesha. Uzito wao wa juu ni 120, shemeji anapita. Wana laini fupi ya mazoezi, breki zote zinajipokea, na kila jukwaa lina mtu wa kurusha na mtu wa kupokea. Mimi na mke wangu na shemeji tutaendesha ATV kila mtu ya kwake, watoto wapande gari pamoja.

Mama amekwenda kwa daktari wake. Amemruhusu ziplaini, amemkataza kutikiswa. Amefurahi kuliko sisi wote, maana alichokuwa anakitaka tangu mwanzo ni hiyo kamba.

Limebaki moja: kijana ana kilo 27 na uzito wao wa chini ni 30. Wanasema ataruka na mwongozaji. Nikubali?

Dada Kamba

Kubali, ila uulize kilo zao wawili zikijumlishwa zisipite kiwango cha laini, na uione mikanda ya mabega kwa macho yako kabla hajafungwa. Wewe tangulia jukwaa la pili umpokee. Mama aruke mapema pia, asubiri kivulini na asisimame juani na mikanda imembana.